Usiuze Cherehani Ili Upate Pesa za Wakili

Barua

Mama, hujambo? Pole na kazi ya kusoma shida zetu.

Mimi ni fundi wa nguo pale Uhuru Market, barabara ya Jogoo. Nina miaka 41 na watoto watatu. Nimeshona sare za shule tangu nikiwa msichana, kwanza kwa mashine za watu, sasa kwa zangu mbili, moja ya kushona na moja ya ovaloki. Mwezi wa kumi na moja mwaka juzi, shule moja ya kibinafsi ilinipa oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: sweta, sketi na suruali za wanafunzi wapya. Jumla ilikuwa shilingi 536,000. Walinipa 150,000 za kuanzia. Vitambaa nilichukua Eastleigh kwa mkopo, nikaita mafundi wawili wanisaidie, tukashona hadi usiku wa Krismasi. Januari nilipeleka mzigo wote. Mhasibu wa shule aliuhesabu, akatia sahihi na muhuri.

Tangu hapo ni nenda rudi. Mara karo haijaingia, mara mwenye shule amesafiri. Mhasibu alikuwa akinitumia ujumbe wa WhatsApp, "Vumilia mama, muhula huu tutamalizana." Sasa hata simu hashiki. Nawadai 386,000, na mwenye vitambaa kule Eastleigh naye ananidai mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda mahakama za Milimani. Hata ndani sikuingia. Nje ya lango kijana mmoja mwenye suti aliniuliza kama natafuta wakili, akanipeleka ofisi moja mjini, orofa ya nne. Huko niliambiwa nitoe 60,000 za kufungua faili, kisha pesa zikipatikana wachukue asilimia 40. Zisipopatikana, sitadaiwa kitu kingine. Sina 60,000. Kuna shailoki hapa sokoni yuko tayari kunipa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, mradi nimwekee mashine zote mbili. Kaka yangu ananiambia niuze tu ile ya ovaloki. Nimesikia pia kuwa serikali ina mawakili wa bure, lakini kila ninayemuuliza ananisukuma kwa mwingine.

La pili ni mume wangu. Alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi kwa miaka sita, mshahara 17,000. Wiki saba zilizopita alipigiwa simu akaambiwa asirudi kazini. Hakuna barua, hakuna notisi, hata likizo zake hakulipwa. Yeye anasema tuachane nayo kwa sababu hatuna pesa za kesi mbili.

Shailoki anataka jibu Ijumaa. Nisaidie kabla sijatia sahihi.

Fundi wa Uhuru Market

Jibu

Mwanangu, Ijumaa ikifika mwambie hapana. Kisha ukae chini tupige hesabu pamoja, maana nina hofu hakuna aliyekupigia.

Tuseme umekopa hizo 60,000, na kesi ikaenda vizuri kabisa, ukalipwa deni lote baada ya miezi miwili. Asilimia 40 ya 386,000 ni 154,400, inakwenda kwa ile ofisi ya orofa ya nne. Zinabaki 231,600. Toa 60,000 za shailoki, toa riba ya miezi miwili ambayo ni 24,000. Unarudi nyumbani na 147,600, na mtu wa Eastleigh bado anakungoja. Hiyo ni ukishinda tena haraka. Ukichelewa miezi sita, riba peke yake ni 72,000, na mashine zinazowalisha watoto wako ziko mikononi mwa mtu mwingine. Niliwahi kuwa msaidizi wa kisheria mtaani kwa miaka mingi, na walioniumiza moyo zaidi ni wale walioshinda kesi zao wakiwa hawana tena kitu cha kufanyia kazi. Kwa hiyo ovaloki isiuzwe, na mwambie kaka yako nimesema mimi.

Jambo la pili ni lile pendekezo lenyewe. Hapa Kenya, makubaliano ya kumlipa wakili kesi ikifaulu tu, au kumlipa kiwango kimoja ukishinda na kingine ukishindwa, hayana nguvu mbele ya sheria. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinayabatilisha. Watu wengi wamesikia kuwa nchi nyingine wanaruhusu, wakadhani na hapa ni hivyo. Kuwavizia wateja langoni mwa mahakama na kuwapeleka kwa wakili pia kumekatazwa. Sijui aliyekuketisha ofisini ni wakili wa kweli au la, lakini wewe unaweza kujua leo hii: Chama cha Mawakili, ile LSK, kina orodha mtandaoni ambapo unaandika jina la mtu na kuona kama ni wakili na kama ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Ofisi za chama hicho ziko Lavington, barabara ya Gitanga. Jina lisipokuwepo, usirudi kule.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa, mawakili wa serikali.

Wapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na mfuko wake, na inawahusu watu wasio na uwezo, katika kesi za jinai na za madai pia. Watu hudhani ni kwa walioshtakiwa kuua tu. Sivyo. Lakini sheria hiyo hiyo imetaja mambo ambayo huduma hiyo haigharamii, nayo ni kodi, kufilisika, kashfa, na kudai madeni. Kampuni na mashirika pia hayapewi. Kesi yako ni ya kudai deni. Ndiyo sababu umekuwa ukisukumwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Haina maana kwamba kesi yako ni mbaya au kwamba wewe si maskini wa kutosha. Ulikuwa ukibisha mlango usio wako, na hakuna aliyekuwa na subira ya kukuambia hivyo kwa maneno mepesi. Hilo linaniudhi, kwa sababu lingekuchukua dakika mbili kulijua ukaokoa nauli ya mwezi mzima.

Mlango wako ni Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ile ya Nairobi ikaanza kazi Milimani Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na miongoni mwa kazi zake ni mikataba ya kuuza na kupeleka bidhaa au huduma. Sare ulizoshona ukapeleka ni bidhaa hiyo hasa. Unaruhusiwa kusimama mwenyewe bila wakili. Unaruhusiwa kuzungumza Kiswahili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kusajiliwa, na ingawa siku hizo wakati mwingine hupitiliza, huwezi kuzilinganisha na miaka ambayo kesi za madai huchukua kwingineko. Mahakama hii pia haikufungwa na kanuni zote za ushahidi zinazowatia watu kizunguzungu, kwa hiyo mtu anayejua kuieleza biashara yake kwa ukweli na kwa mpangilio anasikilizwa.

Ada ya kusajili ipo, nayo hulipwa kwa simu. Gharama nyingine ni ya kumfikishia mdaiwa samansi, yaani wito wa mahakama. Hizo ndizo pesa ulizokuwa ukizihitaji, mwanangu, na nina hakika chama chenu cha wanawake pale sokoni kinaweza kukukopesha kiasi hicho bila kugusa mashine.

Kabla hujaenda, tengeneza karatasi zako, kwa sababu kesi hii itashindwa au itashinda kwa karatasi. Tafuta oda waliyokuandikia. Tafuta ile karatasi ya kupokelea mzigo yenye sahihi na muhuri wa mhasibu, ambayo ni dhahabu, itoe kopi tatu na nakala halisi uiweke nyumbani kwa mtu unayemwamini. Tafuta ankara uliyowapa. Kama zile 150,000 zililipwa kwa M-Pesa au benki, chukua taarifa inayoonyesha zilitoka kwa nani na lini, maana mtu asiyekuwa na mkataba nawe hakulipi 150,000. Zile jumbe za mhasibu zitolewe kopi saiba, tarehe na nambari zikionekana, lakini simu yenyewe usiiuze wala usiifute. "Muhula huu tutamalizana" ni maneno ya mtu anayekubali deni, na hakimu atayasoma hivyo. Wale mafundi wawili waliokusaidia kushona waulize kama wako tayari kuja kusema waliyoyaona, hasa aliyekuwepo siku ya kupeleka mzigo.

Ukishamaliza, andika kwenye karatasi moja hadithi nzima kwa tarehe, kutoka siku ya oda hadi simu ya mwisho. Iandike kama ulivyoniandikia mimi, maana barua yako ilikuwa wazi kabisa.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona likiwaangusha watu wenye haki yao wazi, nalo ni kumshtaki asiyekuwepo. "Shule" ni jina langoni. Nyuma ya jina kuna kampuni iliyosajiliwa, au mtu mmoja mwenye biashara iliyosajiliwa kwa jina lake, au wakati mwingine kanisa au wadhamini. Ni huyo wa nyuma unayemshtaki. Ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, au mwambie kijana wa saiba akusaidie kuingia, uende kwenye huduma ya usajili wa biashara, ulipie upekuzi wa jina hilo. Ikiwa ni kampuni, utaletewa jina lake kamili na wakurugenzi wake, na unaishtaki kampuni. Ikiwa ni jina la biashara tu, unamshtaki mwenyewe kwa jina lake, ukieleza kuwa anafanya biashara kwa jina la shule ile. Usimshtaki mhasibu. Yeye ni mwajiriwa, deni si lake, ila anaweza kuwa shahidi hata kama hapendi.

Kisha andika barua ya kudai. Huhitaji wakili kuiandika. Taja oda, tarehe ya kupeleka mzigo, jumla, walicholipa na kinachobaki, uwape siku saba au kumi na nne walipe, na useme wasipolipa utakwenda mahakamani na kudai gharama pia. Ipeleke kwa mkono, wakugongee muhuri kwenye kopi yako. Wakikataa kugonga, ipige picha ukiwa pale mapokezi na uitume pia kwa barua pepe ya shule na kwa ile nambari ya WhatsApp. Kuna shule zinazolipa siku hiyo hiyo zikiona mama amejipanga namna hii. Usitegemee hivyo, lakini usishangae ikitokea.

Siku zikiisha, nenda Milimani. Wakati huu ingia ndani. Ukipita ukaguzi wa askari, uliza dawati la huduma kwa wateja, useme unataka kusajili dai katika Mahakama ya Madai Madogo na huna wakili. Usajili siku hizi hufanywa kwa mtandao, Nairobi walianza hivyo Julai 2020, na wafanyakazi wa mahakama wataonyesha fomu na utaratibu. Hawaruhusiwi kukushauri useme nini kwenye kesi, kwa hiyo usiwakasirikie wakikataa hilo. Yeyote atakayekufuata kwenye korido akisema anaweza "kuharakisha faili" kwa elfu mbili, mwache apite.

Samansi ikitoka, lazima imfikie mdaiwa kwa njia ambayo mahakama inaikubali, na aliyeipeleka aape kwa hati kuwa ameipeleka. Hapa usijaribu kubana senti. Tumia mpeleka samansi wa mahakama au aliyeidhinishwa, kwa sababu shule ikija kusema haikupata samansi, hukumu yako inaweza kufutwa ukaanza upya.

Mbele ya hakimu zungumza taratibu. Anza na oda, uende kwa mzigo, umalize na deni. Wakija na hadithi kwamba sare zilikuwa na kasoro, uliza wewe: zilirudishwa lini, barua ya malalamiko iko wapi, na wanafunzi walizivaa muhula wote au la? Nadhani jibu unalijua.

Wakitaka kulipa kidogo kidogo, usikatae kwa hasira. Shule nyingi ndogo kweli hupata pesa kwa mihula. Lakini makubaliano hayo yaandikwe, kila awamu na tarehe yake, na yawasilishwe mahakamani yawe amri. Wakikosa awamu moja, unaanza kutekeleza, hurudi tena kwenye maombi na simu. Makubaliano ya mdomo umeshaishi nayo zaidi ya mwaka.

Na hukumu ikitoka, wasilipe? Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani hukumu ni pesa. Hukumu ni ruhusa ya kukamata. Unaweza kuomba madalali walioidhinishwa wakamate mali kama gari la shule, au uombe mahakama izuie pesa zilizo kwenye akaunti yao ya benki na kuamuru benki ikulipe. Kwa shule, hii njia ya pili, ya benki, ndiyo nzuri, na nitakwambia sababu: wazazi wote wanajua akaunti ya karo. Imeandikwa kwenye karatasi ya karo wanayopewa kila muhula. Mwombe mzazi unayemfahamu akupe kopi moja leo, uiweke na hati zako. Tena karo huingia wiki za kwanza za muhula, kwa hiyo ukiwa na hukumu mkononi, chagua wakati wako.

Lazima nikuambie na upande mwingine. Anayeshindwa kesi mara nyingi huamriwa kumlipa mwenzake gharama, kwa hiyo usidai senti moja usiyoweza kuithibitisha. Shule pia inaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, ingawa kutoka Mahakama ya Madai Madogo rufaa ni juu ya hoja za sheria tu. Likifika huko, ndipo wakili anahitajika kweli, na tutazungumza tena. Muda wenyewe haukubani: dai la mkataba lina miaka sita tangu kuvunjwa, na wewe hujafika hata miwili. Lakini shule hufungwa, wenye shule huuza, na mashahidi huhama. Usingoje.

Chifu? Najua mtu atakushauri umpelekee chifu au kituo cha polisi. Chifu anaweza kuwaita mkazungumza, na kama unadhani mwenye shule atamheshimu, hakuna ubaya. Hana mamlaka ya kuamuru deni lilipwe. Polisi nao watakuambia hii ni kesi ya madai, na watakuwa wamesema kweli.

Sasa mume wako, na hapa nakuomba uharakishe kuliko kwako. Yeye anahesabiwa siku.

Kwanza, usimweke kwenye faili yako. Mahakama ya Madai Madogo haisikilizi migogoro ya ajira. Yake inaanzia leba, ile ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyefukuzwa bila haki miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Wiki saba zimekwisha kupita. Zinabaki kama sita. Aende ofisi ya leba ya kaunti wiki hii, na kitambulisho, kadi ya kazi, taarifa za M-Pesa au benki zinazoonyesha mshahara, na rekodi ya ile simu, siku na saa aliyopigiwa. Huduma ya leba hailipiwi. Afisa anaweza kumwita mwajiri na kujaribu kuwapatanisha, na wakati huo huo ataangalia kama 17,000 zilifika kima cha chini cha mshahara wa kazi yake hapa Nairobi.

Mumeo asijione anaomba msaada. Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi ya siku 28 au mshahara wa kipindi hicho. Ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kama walimtuhumu kwa kosa, sheria iliwataka wamweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi, wasikilize majibu yake kabla ya kuamua. Simu moja si kusikilizwa. Na bado anawadai cheti cha utumishi, ile karatasi itakayomsaidia kupata kazi nyingine. Mahakama ikiona alifukuzwa isivyo haki, inaweza kuamuru fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, pamoja na stahili zake nyingine.

Leba ikishindikana, ana miaka mitatu ya kwenda mahakamani, na kwa mshahara wake kesi inaweza kusikilizwa na hakimu aliyepewa mamlaka ya kesi za ajira. Na hapa sasa ndipo msaada wa bure unapoingia, kwa sababu kesi ya ajira haiko kwenye orodha ya zile zilizokataliwa. Anaweza kuomba kwa ile Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, akijaza fomu na kueleza kipato cha nyumba yenu. Ila mimi ningempeleka kwanza Kituo cha Sheria, barabara ya Ole Odume kule Kilimani. Kituo hicho kiko tangu 1973, na kazi, ardhi na makazi ya watu maskini ndiyo mambo yake. Watamsikiliza, watamwambia kama kesi ina miguu, na mara nyingi watamfundisha namna ya kujitetea mwenyewe hata kama hawana wakili wa kumpa. Vilevile aulize: kwenye hati zake za mshahara, kulikuwa na makato ya chama cha wafanyakazi? Kama yalikuwepo, chama hicho kimekuwa kikichukua pesa zake kwa ajili ya siku kama hii, aende akadai kimtetee.

Nimalizie na wengine mnaosoma mkiwa na kesi tofauti, kwa ufupi. Mwanamke mwenye kesi ya matunzo ya watoto, ndoa, mirathi au kupigwa, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu 1985, na nao hufundisha wanawake kujiwakilisha. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Parklands, na wale wa Strathmore wana kliniki za ushauri wa bure chini ya usimamizi wa walimu wao. LSK huwa na wiki ya uhamasishaji kila mwaka ambapo mawakili huketi mahakamani wakishauri watu bila malipo. Mwenye kesi kubwa asiyeweza ada za mahakama anaweza kuomba aruhusiwe kushtaki kama mtu asiye na uwezo, chini ya Agizo la 33 la Kanuni za Kesi za Madai za 2010. Akiruhusiwa, hatozwi ada mwanzoni. Na mfanyabiashara mdogo mwenye duka la kupanga anayefurushwa na mwenye nyumba, ana Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, asikubali kufungiwa kufuli kimya kimya.

Mkifika mahali pa kumlipa wakili, mlipeni kwa akili. Makubaliano ya ada yawe kwa maandishi na muyatie sahihi. Kila shilingi iwe na risiti. Kama hamkuandikiana ada na bei ikakushtua baadaye, unaweza kuomba msajili wa mahakama aikadirie kwa viwango vilivyowekwa na sheria. Na wakili akila pesa zako, Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko bila malipo.

Mwanangu, Jumatatu asubuhi mzee aende leba. Wewe fungua kibanda kama kawaida, na jioni anza kupanga karatasi. Ukishapata muhuri kwenye barua ya kudai, niandikie tarehe, tuhesabu siku pamoja.